Namba ya Ng'ombe Aliyekufa

Ng'ombe wetu alipigwa msalaba wa rangi nyekundu Jumatatu asubuhi. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo ya maji yake, nikabaki nimeishika tu hivyo, sijui niiweke chini ama nirudi nayo. Daktari wa mifugo wa chama cha maziwa aliuchora msalaba wenyewe ubavuni, polepole, kama mtu anayepaka rangi mlango wa nyumba yake, halafu akapangusa brashi kwa nyasi.

"Ana ugonjwa wa kutupa mimba," alimwambia Mama. "Damu yake ilienda maabara na imerudi mbaya. Ijumaa lori itapita hapa imchukue, iende naye kichinjioni."

"Damu gani, Daktari?" Mama aliuliza. "Hii ng'ombe haijatolewa damu hata siku moja. Na mtoto wake si huyo anarukaruka hapo?"

"Mama, kompyuta imesema."

Alilisema hilo kwa sauti ya chini, vile watu husema jina la mkubwa fulani wakiwa ndani ya duka. Kogo, yaani nyanya yangu mzaa baba, alikuwa amesimama kwa ua na fimbo yake. Hakuuangalia msalaba. Alimwangalia ng'ombe usoni, na ng'ombe akamwangalia.

Kompyuta ililetwa kwa ofisi za chama huko Eldoret mjini mwaka huo huo. Mkubwa mmoja alikuja kukata utepe, wanafunzi wakapangwa kando ya barabara wakaimba. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyesema tena "karani amekosea". Kadi za zamani zilitiwa kwa magunia, na kila ng'ombe akaingizwa ndani ya mashine kwa namba ya kibati chake cha sikioni.

Wetu alikuwa mmoja tu anayekamwa. Baba alikuwa kazini Nakuru, na maziwa ya huyo ng'ombe ndiyo yaliyokuwa yananirudisha shule kila muhula. Mama hakunikumbusha. Aliiangalia tu sketi yangu ya shule iliyokuwa imeanikwa kwa kamba, akasema, "Kesho utaenda town, uwaulize. Wewe ndio umesoma."

Nitasema ukweli, mimi si mtu wa kuuliza. Darasani mwalimu akiuliza swali na jibu ninalo, huwa nalimeza. Njia yote kutoka Kapseret nilikuwa najifunza sentensi moja, "Naomba kuangalia rekodi ya ng'ombe wetu," nikiirudia mpaka ikaanza kusikika kama ya mtu mwingine.

Kwa mlango wa chumba cha kompyuta ilikuwa lazima uvue viatu. Vumbi, walisema, inaua mashine. Gambuti za wakulima zilikuwa zimepangwa hapo nje kwa mstari, tupu, zote zikielekea ndani. Nikaacha vyangu mwisho wa mstari nikaingia kwa soksi. Mapazia yalikuwa yamefungwa ingawa ilikuwa saa nne na jua kali. Picha ya Rais ilikuwa ukutani, na chini yake wazee wachache wameketi kwa benchi bila kuongea, kofia magotini. Sakafu ilikuwa baridi. Kitu kilikuwa kinanguruma pole pole, na kwa muda sikujua kinatoka wapi, kama ni kwa mashine ama ni mimi.

Karani alikuwa dada wa miaka ishirini na kitu hivi, nywele za kali zilizopakwa mafuta zikang'aa, sauti ya kucheka.

"Eh, msichana wa Kapseret, umekuja kusimama ama kusema?"

Sentensi yangu ikapotea yote. Nikampa karatasi niliyokuwa nimeandika namba. Akaipiga kwa kibodi na herufi za kijani zikatokea moja moja, kama zinatoka chini ya maji.

"Yuko hai," akasoma. "Ana ndama dume. Mama yake ni namba…" Akasita. "Mama yake ni yeye mwenyewe. Haiya! Ng'ombe yenu imejizaa."

Mzee mmoja akacheka kwa benchi. Dada pia akacheka, halafu akaacha, kwa sababu alikuwa amefungua faili nyingine. Aliinama mbele mpaka kijani ikampaka usoni.

"Hebu ona. Alitupa mimba. Alafu mwaka uliofuata ndio akazaliwa."

Nikasoma mwenyewe. Ilikuwa hivyo. Ng'ombe alikuwa amepoteza ndama akiwa mwenyewe bado hajazaliwa. Nikajua papo hapo ni kitu gani tulichokuwa tunaangalia. Hawakuwa mmoja. Walikuwa wawili.

Kwetu mtoto akizaliwa wazee hutaja majina ya waliokufa, moja baada ya lingine, na lile ambalo mtoto atalipigia chafya, huyo ndiye aliyerudi. Hiyo ni ya watu. Lakini Kogo alikuwa ameifanya pia kwa ng'ombe. Mama wa ng'ombe wetu alipokufa, Kogo alikata kibati kutoka kwa sikio lake, akakisafisha kwa majivu, akamwomba mtu wa dawa ya mifugo akitie kwa sikio la mtamba wake. Jina lile lile, kibati kile kile. Wakati wa kadi haikuleta shida, karani wa zamani alitujua. Lakini mashine haimjui ng'ombe. Inajua namba.

Nilimwambia Dada hayo yote kwa sauti ndogo sana, mpaka akaniambia nisogee.

"Sasa nimeelewa," akasema. "Damu ilitolewa kwa yule ng'ombe mzee, majibu yakachelewa. Si rahisi? Tunampa huyu wa sasa namba mpya, basi."

Akanieleza kazi ya mashine huku akipiga. Kuna faili moja wanaiita ya mama, ndiyo imeshika namba za ng'ombe wote. Zile zingine, za uzazi, za chanjo, za damu, ni za watoto. Zimeshikilia namba ya faili ya mama kama ndama anayeshika titi. Ukibadilisha namba kwa mama, watoto wote wanabadilika wenyewe, hata kama hujawafungua. "Ndio uzuri wake," alisema. "Kijana aliyetutengenezea alitoka chuo kikuu. Hakuna kitu inabaki nyuma."

Alibadilisha namba. Taa ndogo iliyokuwa mbele ya mashine, kataa kadogo tu, kakawaka, kakazima, kakawaka. Tukangoja. Kakaendelea. Mngurumo ukapanda kidogo, kama mtu anayepumua akipanda kilima.

"Inazunguka," Dada akasema. Hakuwa anacheka sasa. "Inabadilisha mama, inaenda kwa mtoto, inakuta mtoto ndiye mama, inarudi tena."

Wazee wa benchi walikuwa wamesimama. Mmoja alishaanza kurudi nyuma mlangoni akitafuta gambuti zake kwa miguu, macho bado kwa kale kataa. Dada akainuka akazima umeme ukutani. Mngurumo ulishuka, ukawa kama unaenda mbali, ukaisha. Ndipo nikasikia magari ya nje, ambayo nafikiri yalikuwa yakipita wakati wote.

Alipoiwasha tena, namba mpya ilikuwa imeingia. Akafungua faili ya damu ambayo hakuwa ameigusa. Ugonjwa ulikuwa hapo, chini ya namba mpya. Ile mimba iliyotupwa pia ilikuwa hapo. Na mama wa ng'ombe alikuwa ni ng'ombe yule yule, kwa namba yake mpya.

"Imemfuata," nikasema.

Akajaribu nyingine. Ikamfuata tena, kimya kimya, kwa faili ambazo zilikuwa zimefungwa. Ilikuwa kama kuhama nyumba ukimkimbia mtu, unafika, unakuta ameshaketi anakungoja. Akairudishia ile ya zamani.

"Futa tu ule mstari wa damu," nikamwambia. Sijui niliutoa wapi ujasiri.

Akaangalia picha ya ukutani, akaangalia benchi. "Wewe kasichana, unataka nifutwe mimi? Hii ni mashine ya mkubwa. Ugonjwa ukishaingia, ni mimi wa kusema haukuwa? Na usiseme tena hapa ati imekosea. Haijakosea. Imefanya vile iliambiwa."

Nilirudi nyumbani na hayo maneno. Nilikata nyasi, nikamwekea ng'ombe, nikakaa naye. Niliwaza kwamba Dada alisema kweli. Ugonjwa haukuwa uongo, kuna ng'ombe aliyekuwa nao. Na namba haikuwa ya huyu hata kidogo, ilikuwa ya yule. Shida yetu ni kwamba tulikuwa tunataka kumtoa huyu kwa namba, na kila alipotoka alitoka na mizigo yote ya marehemu, kwa sababu kwa mashine yeye ndiye marehemu. Kwa hivyo yule tusimguse. Namba tumwachie mwenyewe aliyekufa, na damu yake na mimba yake. Huyu aandikwe upya kabisa, kama amezaliwa leo, halafu vitu vyake vihamishwe kimoja kimoja kwa mkono: chanjo zake, ndama wake.

Jumatano nikarudi nikamwambia Dada. Alitafuna kalamu.

"Inaweza kukubali," akasema mwishowe. "Lakini sikiliza. Hii mashine haipokei mtoto ambaye mama yake hayuko. Lazima yule ng'ombe mzee abaki ndani, na huyu aandikwe chini yake. Na yule lazima afungwe, aandikwe amekufa, na siku aliyokufa. Mwenye ng'ombe ndiye anakuja kusema hiyo. Nani ameandikishwa?"

"Kogo."

"Basi lete Kogo."

Nilimkuta Kogo kwa boma, amekalia kigoda, mkono wake kwa paja la ng'ombe. Nikamweleza vile niliweza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Unataka niseme amekufa," akasema, "na yeye amesimama hapa anacheua."

"Kogo, yule alikufa. Huyu ni mtoto wake."

"Na wewe?"

Nilianza kukusanya nyasi zilizomwagika chini.

"Wewe walikutajia majina mpaka wakachoka. Likatajwa la binti yangu, ukapiga chafya. Nani alikuja? Twende basi kwa hiyo mashine yenu niseme na hiyo. Niseme binti yangu alikufa, na huyu ni mtu mwingine tu anakaa kwa nyumba."

Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lilinitisha. Mimi nina jina la shangazi yangu aliyekufa kabla sijazaliwa. Tangu niwe mdogo Kogo huniuliza, "Unakumbuka ile siku ulianguka mtoni?" na mimi, kwa haya, nilizoea kujibu, "Nakumbuka, Kogo." Sijawahi kuanguka mtoni. Lakini nikisema ukweli wote, siku hizi akiuliza naona maji. Naona jiwe jeusi na mkono wangu juu yake, na mkono si huu.

Niliingia ndani nikamwambia Mama haitawezekana. Mama akasema kidogo tu, "Mwache." Sikujua kama alimaanisha Kogo ama ng'ombe.

Alhamisi asubuhi nilitoka nikamkuta Kogo langoni amevaa nguo za kanisa. Kiganja chake kilikuwa na wekundu, nafikiri alikuwa ameushika msalaba.

"Twende," akasema. "Ndama ni dume."

Nilimwangalia sielewi.

"Angekuwa amezaa mtamba, ningewaacha wamchukue, angerudi kwa mtamba. Lakini ni dume. Wakimchinja kesho, atarudi kwa nani? Hakuna mahali." Akaanza kutembea. "Afadhali mmoja alale na mmoja abaki."

Kwa mlango wa chumba alivua viatu kabla hajaambiwa. Wazee wa benchi walimpisha. Dada alimwita "Mama," akamwita "Kogo," akahangaika kumtafutia kiti kizuri.

"Kogo, huyu ng'ombe wa zamani alikufa lini?"

"Sijui mambo ya tarehe. Ni ile siku watu walipanga mistari kupiga kura. Wote tulikuwa huko kwa uwanja, kila mtu nyuma ya picha ya mtu wake. Hakukuwa na mtu nyumbani. Akaanguka kwa mtaro, akavunjika, akatuita mpaka akachoka. Tulipofika alikuwa ameshamaliza."

Mistari ilipotajwa Dada alitazama chini, na mtu kwa benchi akakohoa, kwa sababu kura zile hazikuzungumzwa mbele ya picha ile. Tarehe kila mtu aliijua. Dada aliipiga bila kuuliza.

"Sasa useme, Kogo."

Kogo alisogea karibu na kile kioo mpaka uso wake ukawa kijani. Akalitaja jina la ng'ombe, si namba, jina, kwa sauti ya kumwita aliye mbali. Kisha akasema kwa lugha yetu, "Amekufa." Na kwa Kiswahili tena, kwa ajili ya mashine, "Amekufa."

Dada akabonyeza. Kataa kakawaka mara moja, kakazima. Neno la hai likafutika, likaja la kufa, na hakuna kitu kingine kilichosogea. Tulikaa tukisikiliza. Nadhani sote tulikuwa tunangoja kimfuate mtu.

Halafu akamwandika yule wetu, namba mpya, mama yake namba ya zamani, na mashine ikampokea bila kelele. Akahamisha chanjo. Akahamisha ndama. Mimi nilikuwa namsomea tarehe na sauti yangu haikutetemeka. Akafungua faili ya damu. Chini ya namba mpya hapakuwa na kitu. Chini ya ile ya zamani, ugonjwa ulikuwa pale pale na mwenyewe.

Kogo akagusa kioo kwa kidole. "Na saa hii yuko wapi?"

"Nani, Kogo?"

"Huyo umemwandika."

Dada alifikiri. "Yuko hapo ndani. Huyo hatoki tena."

Kogo akatikisa kichwa, akainuka kutafuta viatu.

Mchana ule daktari alikuja na kibati kipya. Alikitoa cha zamani, Kogo akakipokea akaenda nacho nyuma ya ua. Daktari akamtoa ng'ombe damu, ya kwanza maishani mwake. (Majibu yalifika nikiwa nimerudi shule. Ilikuwa safi.) "Kompyuta haikukosea," akamwambia Mama akifunga mkoba. "Ni ninyi mlikosea."

"Ndiyo, Daktari," Mama akasema.

Lori ilikuja Ijumaa kama kawaida, kwa sababu karatasi ya dereva ilikuwa imechapishwa mapema na hakuna aliyeibadilisha. Nyuma yake tayari kulikuwa na ng'ombe wa watu, kimya, kila mmoja na msalaba wake. Dereva aliruka chini na kamba mkononi, akaenda moja kwa moja kwa wetu, maana rangi ilikuwa haijatoka.

"Soma sikio kwanza," Mama akamwambia. Alikuwa amesimama kwa mlango wa boma na hakusogea.

Dereva akasoma sikio. Akasoma karatasi. Akarudia sikio. "Sasa huyu wangu ako wapi? Mimi nimetumwa na namba, mama. Siwezi rudi bila."

"Njoo," Kogo akasema.

Alimpeleka nyuma ya ua, na mimi nikafuata. Pale alipozikwa yule ng'ombe nyasi huwa ndefu kuliko kwingine, na hapakuwa na upepo. Udongo ulikuwa umechimbuliwa kidogo, padogo kama pa kupanda mbegu, na nikajua kibati kiko wapi.

"Ni huyu," Kogo akasema.

Dereva alicheka kidogo, akaona hakuna anayecheka. Nafikiri hakujua la kufanya, kwa hivyo akafanya kazi yake. Alishika karatasi kwa mikono miwili akaisoma ile namba kwa sauti, tarakimu moja moja, mbele ya nyasi.

Kutoka boma, nyuma yetu, ng'ombe wetu akalia. Mara moja, kwa nguvu, vile ng'ombe hulia akiitwa.

Hakuna aliyegeuka. Dereva alikunja karatasi mara nyingi mpaka ikawa kitu kidogo, akaitia mfukoni.

"Ni njaa hiyo," Kogo akamwambia. "Nenda, baba. Huyo wako alikufa."

Alienda haraka, akasahau kamba yake kwa ua. Lori ikawaka, ikashuka barabarani na wale wengine. Kogo akaniambia nikamwekee ng'ombe nyasi, na mimi nikaenda. Kihori chake cha kulia kilikuwa bado kimejaa nyasi.